Mikono Kifuani

Shule ya Kurrabin, mji mdogo wa ngano huko Australia, ilikuwa na wasichana watatu walioitwa Naw, na hakuna hata mmoja ambaye jina lake lilikuwa Naw. Hilo ni neno la heshima tu la Wakaren, kabila la Burma, kama mtu kusema Bi. Lakini karani wa shule alipokuta kwenye karatasi za ukimbizi maneno matatu, Naw Paw Wah, aliamua kwa akili yake kwamba la kwanza ni jina na la mwisho ni la ukoo, akachapa, akafunga faili. Tangu siku hiyo mtoto wa watu akawa anaitwa Bi. Bi, leta daftari. Bi, punguza kelele. Paw Wah hakulalamika. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, Kiingereza hakijui, na asiyejua lugha huitikia jina lolote analopewa.

Alipofika miaka kumi na mitano alikuwa amelichonga lile Naw mpaka likawa Nora. Nora alicheza netiboli nafasi ya katikati. Nora aliongea kwa kuvuta maneno puani kama watoto wa wakulima wa ngano. Nora alikuwa na rafiki, Tayla, binti wa mwenye duka la vipuri vya matrekta, na urafiki huo hakuuokota njiani. Aliutolea jasho.

Maana kabla ya Nora kulikuwa na Baunsa. Mkaren aliyelelewa akiitwa na mwalimu husimama, hukunja mikono kifuani, huinamisha macho, na kama amekosea hutabasamu kidogo, si kwa kucheka bali kwa haya. Paw Wah alikuwa amelelewa. Wiki yake ya kwanza alisimama hivyo mbele ya ubao, kamtu kadogo, mikono imekazwa kifuani, na Tayla akapaza sauti toka nyuma: "Oneni, baunsa wa disko! Madam, hupiti hapo mpaka uoneshe kitambulisho!" Darasa likaangua kicheko. Mwaka mzima akawa Baunsa. Mwaka mzima watoto walipopishana naye uwanjani walikunja mikono na kununa, halafu wakafa kwa kucheka. Basi akajifunza kuiteremsha mikono. Haikuwa rahisi, mikono ina ukaidi wake. Aliitia mifukoni, aliikalia, usiku aliilalia, mpaka ikasahau.

Watu hupenda kusikia kwamba mtoto mgeni huona haya kwa ajili ya chakula chake. Si kweli, au kwa Paw Wah haikuwa kweli. Wenzake walikula wali wake wa pilipili wakalamba na kifuniko. Alichoonea haya kilikuwa ndani ya mwili wake mwenyewe, na alikuwa amekishinda, na alijivunia ushindi huo kama mtu aliyeacha ulevi.

Ndipo akaja Ler Say.

Alikuwa mtoto wa mama yake mkubwa, yule aliyebaki kambini mpakani mwa Thailand kumuuguza bibi. Kwenye karatasi alizaliwa tarehe mosi Januari, kama walivyozaliwa wakimbizi wote ambao karani hakuwa na muda nao. Kwa hesabu hiyo alikuwa na miaka kumi na saba kamili, na mabega ya mtu aliyebeba magunia ya mchele wa msaada tangu utotoni. Mama yake Paw Wah, aliyekuwa akinyonyoa bata katika kiwanda cha mji huo, alimwambia siku ya tatu tu baada ya kufika: "Kiwandani wanatafuta watu, mwanangu. Ukitaka, nitakusemea kwa msimamizi."

"Asante, mama mdogo," Ler Say akajibu. "Lakini niache kwanza nisome. Mwalimu wangu kambini alinipa baraka zake nije kuwa muuguzi. Nikikosa shule, nitamwangalia kwa macho gani?"

Hicho ndicho kitu pekee alichokiomba nchi nzima ya Australia: dawati. Akapewa, darasa la kumi, safu mbili nyuma ya Paw Wah.

Tangu siku ya kwanza Paw Wah alimwona akisimama na kukunja mikono kila mwalimu alipomtazama. Tayla hakukawia.

"We Nora, huyo kaka yako mbona amesimama kama mlinzi wa benki?"

"Si kaka yangu," Paw Wah akasema. "Anakaa kwetu tu."

"Anakaa kwenu! Basi mwambie apumzike, hatuibi kitu hapa."

Akacheka pamoja naye. Angeweza jioni ile ile kumwambia kijana, kaka, huku hawakunji mikono, huku inaonekana ni ujeuri. Dakika moja ingetosha, jikoni, wakimenya vitunguu saumu. Lakini kumwambia hivyo kungekuwa ni kulitaja lile jambo, na kulitaja kungelifufua. Akaahirisha. Kila siku akaahirisha, na mwenye kuahirisha hakosi sababu: leo amechoka, kesho nina mechi, keshokutwa ataona mwenyewe.

Mwalimu wao wa Kiingereza alikuwa Bi Doolan, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, mwenye kikohozi kisichomwacha toka baridi ianze. Hakuwa mtu mbaya. Lakini mwaka uliopita kijana mmoja mkubwa alimsukuma mpaka akaangukia kabati la vitabu, akakaa nyumbani mwezi mzima, na aliporudi kila mtu aliona kwamba hapendi tena mtu mrefu asimame karibu naye. Kila mtu aliona, isipokuwa mgeni.

Jumanne moja ya mwezi wa saba, dirisha lina ukungu na hita inanguruma, ganda la chungwa likaruka toka nyuma na kupiga ubao, tap! sentimita chache kutoka sikio la Bi Doolan. Darasa likacheka. Bi Doolan akageuka, uso umemwiva.

"Nani?" akafoka.

Waliokaa wakajikunyata. Ler Say akasimama. Hakuelewa neno, ila alisikia sauti ya mwalimu imepanda, na kwao mwalimu hapandishi sauti mbele ya watu waliokaa kama magunia. Akakunja mikono. Akainamisha macho. Na kwa kuwa aliona haya kwa niaba ya darasa zima, akatabasamu.

"Ni wewe? Na unacheka?"

Ler Say akainama zaidi.

"Teremsha mikono."

Ler Say akasikia hasira, basi akafanya anachofanya mtoto mwenye adabu anaposikia hasira ya mwalimu. Akaikaza zaidi.

"Nimesema teremsha hiyo mikono!" Bi Doolan akarudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa ubao. Akatafuta uso wa kumsaidia, akaupata. "Nora. Wewe unajua lugha yao. Niambie kweli, hii ni desturi yenu, au ananifanyia kiburi tu?"

Swali gani la haki kuliko hilo? Walimu wangapi huuliza? Jibu lilikuwa maneno mawili: anakuheshimu, Madam. Paw Wah alikuwa nayo mdomoni. Lakini nyuso ishirini na sita zilikuwa zimemgeukia, na pembeni yake Tayla, bila hata ubaya, kwa mazoea ya zamani tu, alikuwa amekunja mikono chini ya dawati na kununa.

"Sijui, Madam," Paw Wah akasema. Na kwa kuwa bado walikuwa wakimtazama, akaongeza: "Labda ndivyo alivyo."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wamesema wenye lugha yao. Ila yeye hakujikwaa. Aliona jiwe, akalikanyaga.

Ler Say akatolewa nje, akapelekwa kwa naibu mkuu wa shule, akasimamishwa masomo siku tatu, kuanzia kesho yake. Akapewa na barua, na barua ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo angeisoma nani nyumbani kama si Paw Wah? Alimsomea mama yake jioni hiyo kwa Kikaren, macho hayatoki kwenye karatasi: kukosa adabu, kukaidi amri, kumtisha mwalimu. Mama alikaa chini taratibu. Mtoto wa dada yake, amtishe mwalimu? Kwao kwa heshima mwalimu humfuata mzazi, na wapo wanaomtanguliza.

"Na wewe ulikuwepo?" mama akauliza.

"Nilikuwepo."

"Ukafanya nini?"

"Mwalimu aliniuliza, nikajibu."

Uongo wenye kuvaa nguo za ukweli ndio mbaya kuliko wote, na Paw Wah alijua hivyo alipokuwa akiusema. Masikio yalimwaka moto.

Lakini kabla ya barua kulikuwa na njia ya kurudi nyumbani, na hiyo ndiyo iliyomuumiza baadaye zaidi ya darasa. Walitembea wawili, kupita ghala refu la ngano, kupita uwanja wa mpira ambako kasuku walikuwa wakichimba majani. Darajani Ler Say akapunguza mwendo. Kisha akasema:

"Asante, mdogo wangu. Mwalimu alikuuliza habari zangu, nawe ukajibu."

Paw Wah akatazama viatu vyake.

"Sasa niambie, maana mimi sielewi mambo ya huku. Nilikosea wapi? Mikono, niliikunja chini mno?"

Hapakuwa na Tayla. Hapakuwa na mtu yeyote, ila kasuku. Kijana wa watu alikuwa amemfungulia mlango mpana, amemwekea na taa. Angeingia tu. Lakini kusema "mikono ndiyo kosa" kungeleta swali la pili: basi mbona hukumwambia mwalimu? Akaona haya kwa kitu alichokifanya, na haya hiyo ikamfanya akifanye tena.

"Labda," akasema.

"Aa," Ler Say akasema, akatikisa kichwa kama mtu aliyepata dawa yake.

Siku tatu alizokaa nyumbani aliosha vyombo, alipanga kuni, alinakili maneno ya Kiingereza kwenye daftari mpaka yakajaa kurasa kumi. Mara moja Paw Wah alipita mlango wa bafu uliokuwa wazi, akamwona mbele ya kioo, mikono imekunjwa juu, karibu na koo, akijitazama upande huu na upande ule. Akapita haraka. Chumbani alijilaza kifudifudi kitandani na kujiuliza yeye ni mtu wa namna gani.

Jumatatu Ler Say akarudi shule. Bi Doolan alikuwa zamu ya mabasi, langoni, amejifunga skafu mpaka puani. Kijana akamwendea moja kwa moja. Akasimama mbele yake, mikono imekazwa chini ya kidevu, kichwa kimeinama, akasema yale aliyoyafanyia mazoezi kwa siku tatu: nisamehe, mwalimu. Aliyasema kwa sauti ya chini, maana msamaha hauombwi kwa kelele, na mabasi manne yalikuwa yakinguruma. Bi Doolan hakusikia kitu. Alichoona ni yule yule kijana mkubwa, amemzibia njia, na safari hii amepandisha mikono kama anayejiandaa kupigana.

Akampigia simu naibu mkuu.

Ofisini walimpata mkalimani wa simu, ila aliyepatikana alikuwa wa Kiburma, lugha ya wanajeshi waliochoma kijiji cha kina Ler Say. Kijana alijibu maneno matatu, akanyamaza. Naibu mkuu, mtu wa karatasi, akaandika: hana ushirikiano. Wiki mbili nyumbani, halafu kikao cha kuamua kama shule itaendelea naye. Sheria ya kulazimisha mtoto akae shuleni huishia miaka kumi na saba, na Ler Say, kwa hisani ya tarehe mosi Januari, alikuwa nayo.

Jioni hiyo alimkuta mama mdogo wake akiloweka mabuti ya kazi.

"Mama mdogo, kiwandani bado wanatafuta watu?"

Mama akaweka buti chini. "Bado."

Hakuna aliyelia. Alhamisi kijana akaondoka naye alfajiri, barafu imelala juu ya nyasi, kila mmoja na kikopo chake cha wali. Kazi yake ilikuwa kuwatundika bata miguu juu kwenye ndoano zinazopita, mmoja kila sekunde nne. Alirudi saa tisa mchana akiwa ananuka manyoya yaliyolowa, akaoga, akala, akalala. Lile daftari halikufunguliwa tena.

Shuleni, mezani wakati wa chakula, Tayla alisema, "Yule mlinzi wenu kaacha shule? Afadhali, alikuwa ananitisha." Paw Wah hakucheka, na hilo lilimshangaza Tayla kidogo, lakini wala hakumtetea Ler Say. Tumeshaona kwamba kwa kunyamaza alikuwa hodari.

Jumapili baada ya kanisa wakapata mtandao wa kambini. Simu iliwekwa sauti kubwa juu ya meza, kama kawaida, ili kila mtu asikie. Paw Wah alikuwa kwenye sinki akisugua sufuria. Akamsikia mama yake mkubwa, sauti inakatika na kurudi.

"Mwanangu, nimeambiwa na watu. Hata sokoni wameniambia. Ni kweli umemkosea mwalimu adabu?"

Ler Say alikuwa amekaa mbele ya simu, mikono kifuani, ingawa mama yake hakuweza kumwona.

"Ni kweli, mama," akasema. "Nisamehe."

"Nilikulea mimi, au ulijiokota mwenyewe? Mwalimu wako wa huku nimemkuta njiani. Nikamsalimu. Nilipotaja jina lako akainua mkono, akaniambia, mama, yaache hayo."

"Nisamehe, mama."

"Nimevaa kitambaa usoni nikarudi nyumbani."

"Nisamehe."

Mara tatu aliomba msamaha kwa kosa ambalo hakulitenda, mbele ya mtu pekee nyumbani aliyejua kwamba hakulitenda. Sufuria ilikuwa safi zamani, Paw Wah akaendelea kuisugua. Alijisikia kama mwizi anayemtazama mwingine akichomwa moto kwa wizi wake. Alitaka kusema. Akageuka, mikono inadondosha povu, akamwona mama yake naye akilia bila sauti, akaogopa tena. Mtu akishazoea kuogopa haachi kwa siku moja.

Lakini usingizi ulimkataa, na Jumatatu, kabla ya kengele, alikuwa mlangoni kwa Bi Doolan. Alikuwa amepanga maneno mengi ya kujitetea. Yote yalimtoka.

"Madam, ile mikono ni heshima."

Bi Doolan akainua macho kutoka kwenye madaftari. "Mikono gani?"

"Ya Ler Say. Kukunja mikono. Kwetu ukisimama mbele ya mwalimu ndivyo unavyofanya. Na kutabasamu ni kwa ajili ya aibu. Pale langoni alikuwa anakuomba msamaha. Yeye hakurusha ganda. Hajui hata kwa nini ulikasirika."

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Nilikuuliza, Nora."

"Ndiyo, Madam."

"Mbele ya darasa zima. Nilikuuliza kama ni desturi yenu. Ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, Madam."

"Kwa nini basi?"

Paw Wah akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa neno moja tu. "Baunsa."

Hapo Bi Doolan akasukuma madaftari pembeni. Alikuwa amekumbuka. Shule ya Kurrabin ni moja tu, tangu chekechea mpaka darasa la kumi na mbili, na mwaka ule alikuwa akiwashikia darasa la sita kwa mwalimu aliyejifungua. Uso wake ulibadilika rangi taratibu kuanzia shingoni.

"Nilicheka," akasema. "Mungu wangu. Na mimi nilicheka."

Paw Wah angependa kumwambia si kitu, Madam. Hakuweza. Ilikuwa kitu. Ila haikumpunguzia mzigo wake hata kwa kibaba kimoja, maana aibu ya mtu haigawanyiki kama mkate, mwenzio akichukua yake wewe unabaki na yako nzima.

"Jumamosi nakuja kwenu," Bi Doolan akasema. "Nitamwomba arudi. Na wewe utatafsiri. Kila kitu."

Jumamosi mchana akaja, na keki ya chokoleti iliyonyunyizwa nazi, na miguuni soksi tu za sufu, kwa kuwa alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mama wa Paw Wah alihangaika mpaka akahurumiwa. Mwalimu nyumbani kwake, na nyumba ina kiti kimoja tu chenye miguu minne mizima! Akamkalisha hapo. Wao wakakaa mkekani, wote chini yake, na Ler Say akakaa nyuma kabisa, nywele bado zimelowa, mikono kifuani. Paw Wah akakaa katikati, pale anapokaa mkalimani.

"Mwambie nimekuja kumwomba msamaha," Bi Doolan akaanza. "Nilimwelewa vibaya. Aliniheshimu, nami nikamwadhibu."

Paw Wah akatafsiri. Mama akashika mdomo. Ler Say akainama karibu paji la uso liguse mkeka.

"Mwambie asiseme hivyo," akamnong'oneza Paw Wah kwa Kikaren, ametahayari. "Mwalimu hamwombi mwanafunzi msamaha. Mwambie asiendelee, tafadhali."

"Anasema nini?"

"Anasema usiombe msamaha, Madam. Anaona haya."

"Mwambie kikao kimefutwa. Dawati lake lipo. Nataka arudi Jumatatu."

Paw Wah akayasema haya kwa haraka, kwa tumaini kubwa, kwa sababu kama angerudi, basi yote yangerudi mahali pake, naye angepumua. Ler Say akafikiri. Alifikiri kwa adabu, bila kumharakisha mtu.

"Mshukuru sana," akasema. "Lakini sirudi. Shuleni nilikuwa mtu mbaya na sikujua kwa nini. Kila nilivyojitahidi kuwa mwema nilizidi kuwa mbaya. Kiwandani mimi ni mtu wa kutundika bata tu. Pale najua kosa langu ni lipi."

Paw Wah akatafsiri. Bi Doolan akavua miwani. "Mwambie kwamba halikuwa kosa lake," akasema. "Nora, mwambie lilikuwa la nani. Langu nimeshalisema."

Mama alitazama huku na huku, hakuelewa. Paw Wah angeweza kutafsiri chochote. Kati ya watu wanne chumbani mle, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na lugha mbili. Angeweza kusema, mwalimu anakutakia kila la heri, na wote wangetabasamu na kula keki.

"Kaka," akasema, na lilikuwa neno alilokuwa hajamwita mbele ya mgeni tangu afike. "Siku ile mwalimu aliniuliza kama kukunja mikono ni desturi yetu. Nilisema sijui. Nilijua. Niliogopa wanicheke. Ni mimi."

Mama akavuta pumzi. Ler Say hakushtuka. Aliinua macho, akamtazama, na haikuwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira.

"Nilisikia," akasema.

"Ulisikia nini?"

"Ulisema sijui. Hilo ndilo neno la Kiingereza nililolijua kabla ya mengine yote, mdogo wangu. Kila anayeondoka kambini hufundishwa hilo kwanza. Nilikusikia vizuri."

"Mbona ukanishukuru?"

"Nilidhani umeogopa watu, na watu walikuwa wengi. Nikasema, nisimwaibishe, nimngoje tukiwa wawili. Ndiyo maana nilikuuliza darajani habari ya mikono. Ukaniambia labda niliikunja chini." Akatazama mkeka. "Nikakuamini. Mtu anaweza kuogopa darasa. Sikujua kwamba ulikuwa unaniogopa na mimi."

Mama alikuwa ameshaanza kulia. Keki ilikuwa mezani haijakatwa. Bi Doolan alitazama uso mmoja, akatazama mwingine, akajua kwamba kuna jambo limesemwa.

"Nora," akauliza kwa upole. "Amesema nini?"

Paw Wah akajifuta uso kwa kiganja, akamgeukia mwalimu, akatafsiri, tangu mwanzo, neno kwa neno, mpaka lile la mwisho.